Mama Mkwe Dhidi ya Jimbo

Brandvold, 8 Novemba 1990

Mpendwa mkwe wangu Lowell,

Hongera. Nakuandikia haraka kwa sababu Marlys kanionya kwamba nikikaa kimya utadhani nimenuna. Sijanuna. Nimesikitika, na hayo ni mambo mawili.

Hebu jiweke mahali pangu. Mimi ni mwenyekiti wa chama changu wilaya nzima tangu Marlys anatambaa. Binti yangu wa pekee akaja akaniletea kijana wa chama cha upande wa pili, nikameza, nikaoka keki ya harusi kwa mikono yangu. Sasa kijana huyohuyo kagombea Uanasheria Mkuu wa jimbo na kashinda! Wanawake kanisani wananipa pole na hongera kwa pumzi moja.

Hapa kwenye ukumbi wetu wa kijiji, tunapopigia kura, ulipata kura za kuhesabu kwa vidole. Yangu haikuwemo; bora uisikie kwangu. Bango la mpinzani wako bado limesimama uani, lakini hilo usilichukulie vibaya, ardhi imeganda na nguzo haing'oki.

Nieleze kazi yenyewe ni ipi. Mama Engebretson, yule wa kanisani, kaniuliza kama utakuwa unakamata wezi. Nikamwambia huwezi kukamata hata kuku, nimeshuhudia mwenyewe.

Mle vizuri. Mwambie Marlys avae soksi nzito.

Mama yenu,
Alvina Ziebarth


Ofisini, 9 Januari 1991

Mpendwa Mama,

Nimechelewa kukujibu mpaka nilipoapishwa. Yule kuku alikuwa na kichaa, na Marlys ni shahidi.

Kazi ni hii. Mimi ni wakili wa jimbo. Jimbo likishitakiwa, nasimama mimi. Jimbo likimshitaki mtu aliyemwaga sumu mtoni, nasimama mimi. Ofisa wa wilaya yoyote akikwama kwenye sheria, ananiandikia mimi nimpe maoni. Leo nimepata swali langu la kwanza: kamati ya maktaba ya mji mmoja inataka kujua kama inaruhusiwa kufanyia kikao baa, maana ndiko kwenye joto. Nimekaa na vitabu asubuhi nzima. Inaruhusiwa, mradi mlango uwe wazi kwa kila mtu. Baba yangu aliuza ng'ombe ili nisome kwa ajili ya hayo.

Nakutania, lakini nimeipenda, Mama. Nimekaa kwenye kile kiti nikajiona kama mtoto aliyevaa koti la babake.

Marlys anasema soksi amevaa. Hajavaa.

Mkwe wako,
Lowell Sandvik


Brandvold, 2 Machi 1993

Mwanangu Lowell,

Umeondoka jana na leo theluji imeanguka tena, imefunika njia yote uliyonisafishia. Usije. Mtoto wa jirani ana trekta.

Nimekuta umeosha vyombo vyote baada ya watu wa mazishi kuondoka, na umevipanga sivyo. Nimeviacha hivyohivyo.

Mama Engebretson, ambaye hajui kunyamaza lakini moyo wake ni mzuri, kaniuliza pale kanisani kama bado wewe ni mkwe wangu, sasa Marlys hayupo. Nikamwambia kuwa mkwe si kama kuwa gavana, hakuna muhula wa kumaliza. Akanyamaza. Nadhani ni mara yake ya kwanza.

Kula. Najua huli. Kwenye buti la gari lako nilikuwekea supu ya viazi na vidonge vya unga wa ngano, ile ya Marlys. Usiichemshe sana, vidonge vinasambaratika.

Kama ukiona vigumu kuniandikia kwa sababu mwandiko wangu unafanana na wake, mimi nitaelewa. Lakini niandikie.

Mama


Brandvold, 12 Mei 1997

Lowell,

Nakuarifu kwamba nimekushitaki.

Si wewe hasa, ni jimbo. Lakini binti Renner, wakili wangu wa pale Harlow, anasema hati zitatua mezani kwako, na sikutaka uzikute ukiwa unakunywa kahawa ukaungua.

Unajua ni kwa nini. Bunge lenu limepitisha sheria ya kufunga vituo vya kupigia kura vijijini, na ukumbi wetu umo. Eti sasa twende Harlow, mwendo wa saa nzima njia ikiwa kavu, na lini uliona njia yetu kavu mwezi wa Novemba? Mzee Thorvald Lee ana miaka tisini na moja. Amepiga kura ukumbini hapa tangu kijana, na mke wake alikuwa akihudumia kahawa mlangoni. Sasa kaniambia, "Alvina, mimi basi tena." Ndipo nikavaa koti nikaenda kwa binti Renner.

Wamesema ni kubana matumizi. Mbona ukumbi wa Lindgren, wenye watu wachache kuliko sisi, haukuguswa? Lindgren wanapigia chama chako. Mimi si mwanasheria mkuu, lakini macho ninayo.

Ulikuja Pasaka, ukala hapa, ukanirekebishia bomba. Hukusema neno. Ulikuwa unajua?

Alvina Ziebarth
(Mlalamikaji)


Ofisini, 20 Mei 1997

Mpendwa Mama,

Nilikuwa najua. Mswada ulikuwa haujapita, nikawa naomba usipite, nikanyamaza mbele ya keki yako kama mwoga. Hilo nalikubali.

Hati zimefika. Ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa: Alvina Ziebarth dhidi ya Jimbo. Vijana wangu walinizunguka wakisubiri kuona uso wangu utafanyaje. Nikawaambia, "Jipangeni vizuri. Simjui mtu aliyewahi kumshinda huyu."

Sasa nikueleze mambo yalivyo. Ningeweza kukaa pembeni, nimpe naibu wangu kesi, na hakuna atakayenilaumu kwa kuwa wewe ni mama mkwe wangu. Lakini jana Duane Kessel, mwenyekiti wa chama chetu, alikuja ofisini na kufunga mlango. Mwakani wanatafuta mtu wa kugombea ugavana. Akasema, "Lowell, jina ni lako. Ila watu wanataka kukuona unasimama mwenyewe kwenye hii kesi. Ukimpisha mwingine, watasema moyo wako uko Brandvold."

Kuna hilo. Na kuna jambo jingine ambalo huenda usilipende. Naamini hata sheria mbovu inastahili wakili. Nikianza kuchagua ninazozipenda, basi mimi si wakili wa jimbo tena, ni mfalme.

Lakini pande zote mbili lazima zitie saini kwamba hazina pingamizi na undugu wetu. Ukisema nikae pembeni, nitakaa, na Kessel atajua la kufanya na ugavana wake.

Wako daima,
Lowell


Brandvold, 27 Mei 1997

Mkwe wangu,

Karatasi ya binti Renner nimetia saini, na kalamu nimeikandamiza mpaka imetoboa.

Usikae pembeni. Nikimshinda naibu, watasema Alvina alishinda kwa kuwa mwenyewe hakuwepo. Nataka kukushinda wewe, ukiwa umevaa suti yako nzuri. Na nikigundua umelegeza mkono kwa kunionea huruma, nitakuja ofisini kwako nikuaibishe mbele ya wale vijana. Umenielewa?

Halafu kuna hili. Binti Renner kanikataza kabisa kuzungumza nawe habari za kesi. Nikamuuliza, "Na habari za bustani?" Akasema za bustani ruksa. Basi kuanzia leo tutaandikiana za bustani tu.

Matango yameota. Mengine yamekatwa na baridi, hasa yale ya upande ambao mwenye kuleta baridi haupendi. Ni hayo tu kuhusu bustani.

Mama


Ofisini, 14 Januari 1998

Mpendwa Mama,

Nakuandikia kuhusu bustani.

Nimesikia kwamba jaji wa wilaya alizipima mboga za pande zote mbili na kuona za jimbo ni nzuri zaidi, na kwamba mkulima mmoja mkaidi amezipeleka mboga zake Mahakama ya Juu. Siwezi kusema zaidi. Natumai mkulima huyo anavaa kofia.

Huku mambo ni mengi. Kessel kanitembeza miji kumi na mbili kabla ya Krismasi. Kila mahali nakula maandazi ya kanisani na kila mahali wananiambia ninafanana na gavana. Mama, naomba nikwambie ukweli: nautaka ugavana. Sikudhani ningeutaka hivi. Naamka nikiwa nimeshapanga nani nitampa wizara ya kilimo. Kuna hospitali ndogo kule magharibi zinazokufa, na najua namna ya kuzifufua. Usiulize, nimechora mpaka ramani.

Marlys angenicheka. Angeniambia nivue kwanza viatu ndani ya nyumba.

Tutaonana mwezi wa tatu, wewe upande wako, mimi upande wangu. Sitaweza kukukumbatia mbele ya majaji, ila jua kwamba ningependa.

Lowell


Nyumbani, 13 Machi 1998

Mpendwa Mama,

Jana nilikutafuta mpaka kwenye maegesho. Binti Renner akaniambia umetoka kwa mlango wa pembeni na tayari uko njiani. Kesi imekwisha kusikilizwa, hatungojei kingine ila hukumu, na yeye mwenyewe kaniruhusu nikuandikie. Kwa hiyo bustani basi.

Kwanza, samahani kwa yale niliyoyasema mwanzoni. Nilisema mlalamikaji ni kiongozi wa chama pinzani wa miaka mingi na kwamba kesi ina harufu ya siasa. Uliniambia nisilegeze mkono. Sikulegeza, na nilipogeuka nikakuona umekaa wima na ile kofia yako ya bluu, nilijisikia kama nimepiga mtu kanisani.

Pili, lile swali. Najua ulilisikia, lakini acha niliandike, maana tangu jana nalisikia peke yangu. Jaji Ostlund aliinama mbele, akavua miwani, akasema, "Mwanasheria Mkuu, Lindgren ina watu wachache kuliko Brandvold, na imeachwa. Ukiondoa namna watu wa Brandvold wanavyopiga kura, jimbo lina sababu gani nyingine?"

Mama, nilikuwa na majibu. Ningeweza kusema hilo ni la Bunge, si langu. Ningeweza kusema takwimu zinaweza kusomwa kwa njia nyingi. Yote mawili yangepita, na Kessel alikuwa safu ya pili ananiangalia. Lakini niliitafuta sababu ile majira yote ya baridi. Niliwauliza wabunge mmojammoja. Walicheka.

Karani aliacha kuchapa. Nikageuka, nikakutazama. Na wewe ukatikisa kichwa, mara mbili, taratibu, namna ileile uliyokuwa ukimtikisia Marlys akitaka kudanganya kuhusu nani kamaliza jemu.

Basi nikamgeukia jaji, nikasema, "Hakuna, Mheshimiwa. Nimeitafuta. Sikuipata."

Nakushukuru kwa kile kichwa. Nilikuwa karibu kuanguka, Mama, na wewe, ambaye nilikuwa nimetoka kukutukana mbele ya watu, ulinishika. Sitasahau.

Niandikie. Hata mstari mmoja.

Lowell


Nyumbani, 21 Juni 1998

Mpendwa Mama,

Hii ni ya tatu bila jibu. Nimepiga simu nikasikia ikiinuliwa na kurudishwa, nikajiambia labda ni sikio lako halisikii vizuri, au si sikio.

Umeshinda. Majaji wote kwa sauti moja, na jibu langu limenukuliwa ukurasa wa kwanza wa hukumu. Ukumbi wenu unabaki. Nimesoma gazetini kwamba Mzee Thorvald Lee alipiga kengele ya kanisa bila kumuuliza mchungaji. Nilicheka peke yangu jikoni.

Upande wangu, mkutano mkuu wa chama ulikuwa Jumamosi. Ugavana wamempa mtu mwingine. Na kiti changu cha sasa pia wamempa mtu mwingine, kijana aliyesema jukwaani kwamba jimbo linahitaji wakili anayejua yuko upande gani. Walimpigia makofi wakiwa wamesimama. Kessel alinipa mkono na kusema, "Ulikuwa na sentensi mbili za kusema, Lowell, ukasema ya tatu." Sikumchukia. Alikuwa amechoka kama mimi.

Nitakaa mpaka mwisho wa mwaka, kisha nitakabidhi funguo. Lakini hilo nalimudu. Nisilolimudu ni hili la kutojua nimekukosea nini. Kama ni maneno yale niliyoyasema mahakamani, nitukane, niko tayari. Kama umeamua kwamba muhula wangu wa ukwe umekwisha, niambie hilo nalo. Sina mama mwingine.

Lowell


Brandvold, 3 Julai 1998

Mwanangu,

Barua zako zote nimezisoma, zipo hapa chini ya chupa ya chumvi. Nilianza kukujibu mara nyingi nikaishia kuwashia jiko.

Hujanikosea. Yale maneno ya mwanzo mahakamani yalinifurahisha. Nilimpiga binti Renner kiwiko nikamwambia, "Umeona? Yuko vizuri." Mimi ni kiongozi wa chama pinzani wa miaka mingi, na kesi ilinuka siasa. Ulitaka niseme nini?

Sasa nisikilize, na usinikatize, najua unavyopenda kukatiza hata kwenye karatasi.

Lile swali lilipoulizwa, nilijua nimeshinda. Mwaka mzima niliungoja wakati ule. Nikakuangalia. Nikaona masikio yako yamekuwa mekundu, kama siku ile umesimama sebuleni kwangu unaomba mkono wa Marlys na kusahau jina lake. Na nikamwona yule Kessel nyuma yako, ameshika kofia. Nikazikumbuka zile hospitali zako za magharibi. Ghafla ukumbi, na kura, na mimi, na Bunge lenu la hovyo, vyote vikanitoka. Nikaona mtoto wangu amesimama peke yake.

Lowell, nilipotikisa kichwa sikuwa nasema usidanganye. Nilikuwa nasema usiseme.

Nilitaka uzunguke. Nilitaka useme ni la Bunge, ukae chini, ushinde, uwe gavana. Mimi, niliyetoboa karatasi kwa kalamu. Thorvald angekwenda Harlow, ningempeleka kwa gari langu, ningembeba mgongoni. Na ulipofungua mdomo ukasema hakuna, watu wetu wote wakashusha pumzi, mimi nikaona giza. Nikatoka kwa mlango wa pembeni kwa sababu sikuweza kukutazama usoni.

Kisha ikaja barua yako unanishukuru. Unanishukuru! Unaniambia nilikushika. Ningejibu nini? Kila nikishika kalamu naona: akijua, atajua kwamba kichwa changu ndicho kilichomponza. Nikimficha, ninaishi na shukrani isiyo yangu. Simu ilikuwa wewe, nilijua. Niliirudisha.

Hapa wananisifu. Wamenipikia chakula cha jioni ukumbini, wakatoa hotuba. Mama Engebretson alilia. Nilikaa pale kama mtu aliyevaa nguo za mwingine. Thorvald akainama kwangu akasema, "Alvina, yule mkwe wako ni mtu." Nikamwambia, "Najua, Thorvald, kula viazi vyako."

Sasa umejua. Ukitaka kukasirika, kasirika, una haki. Lakini usiniambie tena huna mama mwingine ukiwa na maana kwamba huyu umempoteza. Hujampoteza. Alikuwa anaona aibu tu.

Mama


Ofisini, 9 Julai 1998

Mama yangu,

Nimeisoma barua yako nimesimama, kisha nimekaa nikaisoma tena, kisha nikacheka mpaka Bi. Dorothea, katibu wangu, akaja kuchungulia mlangoni. Nikamwambia mama mkwe wangu alinitaka nikwepe swali mbele ya majaji watano. Akaniuliza, "Na wewe ukafanyaje?" Nikamwambia, "Nilidhani ananikataza kulikwepa." Akatafuta kiti na yeye akakaa. Tukacheka wote wawili mpaka akalia, na mimi pia, nadhani.

Usiibebe hii. Nimeifikiria tangu asubuhi. Kichwa chako hakikunipa jibu. Jibu nilikuwa nalo, nilichokuwa sina ni mtu wa kumtazama. Ningekutazama umelala usingizi ningesema vilevile. Lakini kujua kwamba katika chumba kile kizima kulikuwa na mtu mmoja aliyekuwa tayari kupoteza kila kitu alichokipigania ili mimi nisiumie, na mtu huyo ndiye aliyenishitaki! Mama, kuna magavana wengi walioishi na kufa bila kupata hilo.

Nimeumia, sitakuficha. Bado naamka na ile ramani ya hospitali kichwani. Nadhani itachukua muda kufutika, na huenda isifutike. Yule kijana atakayechukua kiti changu alikuja juzi kuangalia ofisi. Nikamwonyesha dirisha lisilofungika na nikamwambia kuhusu maswali ya kamati za maktaba. Alidhani natania.

Habari nyingine ni hii, na usipige kelele. Binti Renner kaniandikia. Anasema kazi zimemzidi pale Harlow na anatafuta wakili wa kushirikiana naye, na kwamba amewahi kuniona nikishindwa kwa hiyo ananijua vizuri. Nimemkubalia. Kuanzia Januari nitakuwa mwendo wa saa nzima kutoka kwako, njia ikiwa kavu.

Jumamosi nakuja na ngazi, nishughulikie mfereji wa paa kabla haujaanguka na ukuta. Sitachelewa chakula cha mchana. Nitabisha hodi kama kawaida, na ukifungua mlango ukanitikisia kichwa, safari hii nitauliza kwanza.

Mwanao,
Lowell